Sitatua Mzigo

Hasira yangu ilianza siku ya Jumatano, katikati ya mji wa Eldoret, mbele ya benki, saa saba mchana watu wakipita. Naanza na hilo kwa sababu Kigen mpaka leo anadai nilikasirika mlimani kwa sababu ya baridi. Baridi haikuwa na kosa lolote.

Tulikuwa tumetoka kununua chakula cha safari, mimi na yeye, mkono wake umeshika wangu. Mara akauachia. Aliuachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, nami nikageuka kuangalia kuna nini. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, amevaa kofia ya sufu, binamu ya baba yake. Wakasalimiana kwa Kikalenjin muda mrefu, mimi nimesimama pale na mfuko wa mchele. Mwishowe yule mama akaniangalia, akauliza kwa Kiswahili, "Na huyu?"

"Huyu ni dada mmoja huniuziaga viatu," Kigen akasema.

Ni kweli namuuzia viatu. Nina kibanda cha mitumba pale mjini, nauza jaketi za baridi, viatu vya kupandia milima, na mahema yaliyotoboka ambayo nayashona mwenyewe hadi usione alama. Miaka miwili iliyopita Kigen, mwalimu wa jiografia anayewapeleka watu milimani shule zikifungwa, alikuja kununua viatu namba arobaini na nne. Kesho yake akarudi akasema vinambana. Keshokutwa akarudi na vilevile akasema vinampwaya. Siku ya nne nikamwambia aache kuvisingizia viatu, aseme anachotaka. Akacheka akaniangalia, na macho ya Kigen yakikuangalia huku yanacheka, dada yangu, unasahau bei ya kila kitu kibandani.

Basi miaka miwili. Amekula kwangu mtaa wa Pioneer mpaka mama mwenye nyumba anamwita mkwe. Anajua nalala upande gani, anajua ninavyonuna, anajua jina la mwalimu aliyenichapa darasa la tano. Mimi kwao sikujua hata lango ni la mbao au la chuma. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: "Bado nawaandaa." Unaandaa watu miaka miwili, hao ni wazazi au ni shamba? Alinieleza kwamba mama yake alishasema hataki msichana wa mjini, tena wa kutoka magharibi. Mimi ni Linah Nabwire, Mbukusu, na kibanda changu kiko katikati ya mji. Nimekosea yote mawili.

Jumatano ile alikuja jioni kuomba msamaha. Nilimsikiliza nimemgeuzia mgongo. Ningeivunja safari, lakini nilikuwa nimemwahidi rafiki yangu Sharon, muuguzi, msichana wa Kikalenjin kutoka Sugoi, ambaye alikuwa hajawahi kulala kwenye hema. Na pia nilimpenda Kigen. Wacha niseme tu, mapenzi ni kikohozi, hata ukiziba mdomo yatatoka.

Ijumaa tukaenda. Tulikuwa wanne, Kigen mbele, mimi, Sharon, na Githinji, mpiga picha asiyejua kunyamaza. Kila mtu na begi lake mgongoni, hema, mfuko wa kulalia na chakula cha siku nne. Ilikuwa Agosti, na Agosti kwenye milima ya Cherang'any haina urafiki na mtu. Ukungu unakuja bila kubisha. Unatembea unasikia kengele za kondoo usiowaona. Maji ya kunywa yanauma meno.

Nisimwonee Kigen. Siku mbili za kwanza alikuwa yule yule niliyempenda. Asubuhi ya Jumamosi tuliamka sakitu imetanda juu ya hema, nyeupe, vidole vyangu havikunjiki. Akavichukua vyote kumi, akaviweka katikati ya viganja vyake, akavipulizia pumzi taratibu, kimoja kimoja, bila kusema neno. Sharon akajifanya anatafuta soksi. Nikamwangalia Kigen, kope zake zina umande, nikamsamehe nusu. Nusu nyingine niliiweka.

Jumapili mvua ikatunyeshea tangu asubuhi. Mchana, tukivuka kijito, Sharon akateleza na mguu ukajipinda. Tulimvua kiatu, kifundo kikawa kinavimba tunakiona. Kambi tuliyopanga ilikuwa mbali bado, saa tano au sita kwa mtu mzima wa miguu.

"Hapo chini naona moshi," Githinji akasema. "Kuna boma. Twende tuombe mahali."

Kigen alikuwa ameangalia bonde kwa muda mrefu, na maji yanamshuka kwenye pua hayafuti.

"Kigen? Unawajua hao watu?"

"Hapo ni kwetu," akasema.

Miaka miwili, na kumbe nilikuwa nimebakisha mwendo wa saa moja kufika jikoni kwa mama yake. Nilichukua vitu vya Sharon nikavipakia kwenye begi langu, Githinji akampa Sharon bega, tukaanza kuteremka. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha. Nilijipangusa matope usoni. Nilijiuliza nitamsalimia mama yake vipi, kama "chamgei" yangu inatosha au itachekwa.

Tukiwa nusu ya njia, Kigen akapunguza mwendo, akanivuta kando, chini ya mianzi iliyotulowesha zaidi ya mvua yenyewe.

"Linah, listen. Tukifika hapo nitasema wewe ndiye mpishi wa group."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mpishi."

"Just for tonight. Kesho Sharon akipata nafuu tunashuka, tunapata gari, imeisha."

"Kwa nini Githinji asiwe mpishi? Si yeye ndiye hupika chapati?"

"Githinji ni Githinji. Hakuna mtu atauliza Githinji ni nani."

"Na mimi wataniuliza?"

"Mama ataona tu, Linah. Ataona ninavyokuangalia. Lakini nikisema ni mpishi, hatauliza kitu. Utakaa jikoni na joto, utakula vizuri, hakuna mtu atakusumbua. Please. Nikikuingiza hivi bila maandalizi itakuwa vita."

Nilimwangalia. Alikuwa na baridi, midomo imepauka, na nilitaka kumfunika na kumpiga kofi kwa wakati mmoja.

"Kigen, mama yangu alipikia watu huko Eldoret miaka kumi na tisa," nikamwambia. "Alipika, akafua, akalea watoto wa wenyewe, akatusomesha nayo hiyo kazi. Siioni aibu hata kidogo. Nikiulizwa nasema kwa sauti. Aibu ni wewe, unayesema unanipenda, kunivalisha aproni yake ndio unifiche nayo. Ungefikiria mtu mwingine, ungesema ni mwalimu mwenzako. Lakini ukaniangalia mimi, ukaona jikoni."

"Si hivyo, babe."

"Ni hivyo hivyo. Sasa sikiza. Nitafika langoni kwenu na hapo nitasimama. Sitaingia, na sitatua huu mzigo, mpaka useme mimi ni nani. Usiposema, naifuata barabara nashuka peke yangu. Na ukirudi Eldoret, Pioneer usije."

"Kwa mvua hii?"

"Hata ikinyesha mawe."

Tukashuka. Nilikuwa nimeshaweka mapenzi yangu yote mezani, na nilijua. Lingebaki langoni pale neno moja tu la Kigen, ama nina mtu ama sina.

Lango lilikuwa la mbao. Ndani kulikuwa na nyumba ya mabati, jiko pembeni linafuka moshi, kabeji na viazi mpaka ukutani. Mama mmoja mfupi alitoka na gambuti miguuni, leso kichwani, akamwona Sharon akapiga kelele.

"Ingieni! Ingieni haraka, mtakufa na baridi! Kigen, ni wewe? Oi, mtoto wangu!"

Githinji na Sharon wakapita. Kigen akapiga hatua mbili ndani, akageuka akaniona bado niko nje ya lango.

"Mama, hawa ni watu tunatembea nao," akasema. "Huyo ameumia mguu ni Sharon. Yule ni Githinji."

"Na huyu?"

Kigen akaangalia chini, kwenye viatu nilivyomuuzia. "Huyu..." akasema. "Huyu pia tumekuja naye."

Basi. Miaka miwili, na mimi nikawa "pia".

"Ingia, msichana," mama yake akaniambia kwa upole.

"Asante, Mama. Nitasimama hapa."

"Hapo kwa mvua?"

"Hapa kwa mvua."

"Basi weka chini huo mzigo upumzike."

"Hapana, Mama. Sitatua mzigo."

Nilisema kwa adabu, kichwa nimekiinamisha kwa sababu maji yalikuwa yananiingia machoni na sikutaka aone mengine yanayotoka. Mama Esther, ndilo jina lake, akaniangalia. Akaliangalia begi. Akamwangalia mwanawe, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye hajawahi kuleta msichana nyumbani. Mkono wake ukapanda taratibu ukafunika mdomo.

"Jerop!" akaita kuelekea jikoni. "Jerop, njoo! Njoo upesi!"

Akatoka mwanamke mrefu, mkono una unga, shangazi yake Kigen, wanayemwita Senge Jerop. Wakaongea Kikalenjin chapuchapu, nikaambulia jina la Kigen tu. Senge akaja mpaka langoni, akanizunguka mara moja, akaligusa begi kwa kidole.

"Hutaki kutua?" akaniuliza.

"Sitaki."

"Hutaki kuingia?"

"Sitaki."

Senge akamwangalia Mama Esther, wakaangaliana, na Senge akajikohoza kama mtu anayetaka kuhutubia. "Ukiingia, mimi nakupa kuku," akasema. "Anataga."

Hapo damu ikanipanda. Nikajua tayari Kigen ameshanong'ona huko kwamba mimi ni mpishi, na sasa wanaona mpishi amegoma, wanamtafutia cha kumpoza awashe moto. Kuku! Mtu ananipa kuku niingie nikamenye viazi.

"Sitaki kuku," nikasema.

"Kuku wawili."

"Mama, mimi si mtu wa kuku!"

Senge akapiga makofi unga ukaruka. "Si mtu wa kuku! Umesikia, Esther? Anasema si mtu wa kuku!" Alikuwa amefurahi kweli kweli, na furaha yake ikanichoma zaidi.

"Kondoo," Mama Esther akasema. "Kondoo jike, yule mweupe, pale chini karibu na mti. Ni wangu mwenyewe, si wa mzee. Ingia, mtoto wangu."

"Mama, nakuheshimu. Lakini hata ukileta zizi zima, sinunuliwi. Mnanichukulia vipi kwani?"

"Ai!" Mama Esther akarudi nyuma hatua moja. "Huyu amefundishwa na nani?"

"Linah," Kigen akaanza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Wewe nyamaza! Ulikuwa na saa nzima ya kusema, ukasema 'pia'."

"Anamnyamazisha!" Senge akaangua kicheko akajishika magoti. "Hajaingia hata mlangoni, anamnyamazisha!"

Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto. Begi langu, vitu vya Sharon, na hema lililokunywa maji tangu asubuhi. Nilitamani kuondoka. Lakini nilikuwa nimesema nitasimama, na mtoto wa baba yangu Wabuge akisema amesema.

Baba yake Kigen akaja kutoka shambani na jembe begani, mzee mwembamba, kofia inatiririka maji ukingoni. Mzee Kipngetich. Wanawake wakamweleza wote wawili kwa mara moja. Yeye hakucheka. Alinisogelea akaniangalia usoni, kwa utulivu, jinsi baba yangu anavyoangalia anga kabla ya kupanda.

"Amesimama tangu lini?" akauliza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Tangu ile mvua kubwa."

"Na hakutua."

"Hakutua, hata kuku wawili na kondoo amekataa."

Mzee akashusha jembe. "Basi tusimtese mtoto wa watu. Nampa ndama. Jike, yule mwekundu, mtoto wa Chelel."

Wote wakaangalia begi langu.

Nilikuwa na jibu la kuku na nilikuwa na jibu la kondoo. La ndama sikuwa nalo. Hakuna mtu duniani anampa mpishi ndama kwa sababu ya ugali wa jioni moja.

"Mzee," nikasema, "kwa nini?"

"Linah!" Ilikuwa sauti ya Sharon. Alikuwa ametoka mpaka barazani kwa mguu mmoja, amejifunika blanketi, Githinji anamshikilia. Alikuwa analia na anacheka. "Linah, wee! Wanafikiri umeletwa! Kwetu bibi akiletwa mara ya kwanza hatui mzigo na haingii, mpaka waseme watampatia nini! Lazima akatae kwanza! Na wewe umekataa kuku, ukakataa kondoo, umefanya hii kitu kuliko sisi wenyewe! Ukiweka hiyo bag chini sasa, umeolewa!"

Nikageuka kumwangalia Kigen.

Yeye alizaliwa hapa. Alijua tangu kuku wa kwanza. Alijua mama yake anafikiria nini, na aliniacha nilie pale mbele ya wazazi wake nikijiona nimedhalilishwa, bila kunieleza kitu. Na sasa alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu aliyeona gari lililomkosakosa.

"Unaona?" akasema kwa sauti ya chini, akinisogelea. "Wamekubali, Linah. Hata sijahitaji kusema. Weka tu chini, please. Mambo imejipanga yenyewe."

Niliwahi kumkasirikia Kigen mara nyingi. Sijawahi kumkasirikia namna ile.

"Mzee, Mama, Senge," nikasema, na sasa niliinua kichwa. "Asanteni. Nimesikia mlichosema na nimeshukuru. Lakini mimi sikuja kama bibi, na desturi yenu sikuijua. Naitwa Linah. Nimependana na Kigen miaka miwili. Leo, huko juu, aliniambia niingie kwenu kama mpishi, ndio msijue. Mimi nikasema sitaingia mpaka aseme mimi ni nani. Ndio maana nimesimama. Sikuwa naringa, nilikuwa nangoja."

Mama Esther akamgeukia mwanawe, na akamsemesha kwa Kiswahili makusudi.

"Mpishi?"

"Mama, si ni wewe ulisema—"

"Nilisema nini?"

"Ulisema hutaki msichana wa mjini. Wa kutoka magharibi."

"Nilisema. Sikatai, nilisema kwa mdomo wangu. Na wewe ukanijibu nini?"

Kigen akanyamaza.

"Ulinyamaza hivyo hivyo. Nikajua basi hakuna mtu. Mtu akiwa na mtu wake, mama yake akimsema vibaya, anajibu! Baba yako alinijibia kwa mama yake, na kogo, nyanya yako, alikuwa mkali kuliko mimi mara tatu. Sasa umenifanya nini? Umenifanya nimwache mtoto wa mwenyewe kwa mvua, tukimtajia kuku, na yeye analia. Nikiulizwa na mama yake nitasema nini? Nitasema sikuambiwa?"

"Mimi kuku wangu nimeshasema," Senge akanong'ona.

"Hata ndama," Mzee akasema. "Kilichosemwa langoni hakirudi."

Kigen alikuwa amesimama katikati yetu, mvua inamnyeshea. Alimwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, kisha akaniangalia mimi. Akavua kofia.

"Mama, Baba," akasema. "Huyu ni Linah Nabwire. Ndiye nampenda. Nataka kumwoa."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu viatu namba arobaini na nne. Nilikuwa nimeyasikia kichwani nikishona mahema, nikipika, nikilala. Na yalipokuja moyo wangu uliruka, moyo hauna haya hata kidogo, uliruka kama haukutukanwa. Kigen akaja na mikono yote miwili kunishusha begi.

Nikarudi nyuma.

"Umesema," nikamwambia.

"Nimesema, Linah. Mbele yao wote."

"Umesema baada ya ndama."

"What?"

"Ulipodhani watanikataa, nilikuwa mpishi. Sasa wamekubali, nimekuwa bibi. Wangenifukuza, ungesema nini hapa? Kigen, wewe hujasema kitu. Umeitikia tu."

Mikono yake ilibaki imenyooshwa hewani, ile ile iliyopasha vidole vyangu moto jana, nami nikaiangalia, nikaitamani na sikuikubali.

Sijui tungesimama vile mpaka lini. Ni Mama Esther aliyetoka nje ya lango na gambuti zake, akaja nyuma yangu, akaweka mikono chini ya begi akalinyanyua, uzito ukaniondoka mabegani.

"Niachie mimi," akasema. "Si bibi, si mpishi. Mgeni. Ama kwenu mgeni huachwa nje?"

"Kwetu pia haachwi, Mama."

"Basi fungua hizi kamba."

Nikafungua. Alilibeba begi lote yeye mwenyewe, mama mfupi vile, akakataa kusaidiwa na mwanawe kwa kumwangalia mara moja tu. Mlangoni akanisubiri, akaniinamia sikioni. "Bado sijui kama nakupenda," akaniambia. "Una mdomo. Lakini kondoo ni wako, hiyo ukae ukijua."

"Mimi pia sijajua, Mama," nikajibu, naye akaguna, na nadhani ule mguno ulikuwa kicheko.

Waliniweka karibu na moto, wakanipa sweta ya Senge inayonifika magotini, na kikombe cha chai ya maziwa matupu. Sharon alikuwa amefungwa mguu na kitambaa, anawaamuru watu jinsi wauguzi wanavyofanya. Githinji alikuwa anamenya viazi bila kuambiwa. Hakuna aliyemwita Kigen. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mvuke unamtoka kwenye jaketi niliyomshonea mwezi wa nne.

Akanipa ishara. Nikaenda, lakini na kikombe changu.

"Nifanye nini?" akauliza. Hakukuwa na babe wala please. "Niambie tu, nitafanya."

"Jumamosi baba yangu yuko nyumbani, Kiminini," nikasema. "Nenda."

"Tutaenda."

"Hapana. Utaenda. Peke yako. Mimi sitampigia simu, na dada yangu Maximilla nitamkataza kumpigia. Utafika langoni hajui wewe ni nani, na utamwambia."

Kigen alishasikia habari za Mzee Wabuge, maana nilimsimulia mwenyewe tukicheka. Mchumba wa kwanza wa Maximilla alifukuzwa kwa kusalimia ameketi.

"Unajua anavyosema kuhusu watu wa huku kwetu," akasema.

"Najua. Anasema vibaya kuliko mama yako."

"Anaweza kunifukuza, Linah."

"Anaweza."

Aliangalia mvua ilivyokuwa inapiga kabeji. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakukimbia. Nilitamani nimguse. Nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Nikienda," akasema polepole, "na nimwambie nataka kumwoa binti yake, na aniulize kama binti mwenyewe amekubali. Nitamjibu nini? Wewe utakuwa umekubali?"

"Sijui," nikamwambia. "Nenda hivyo hivyo, bila kujua."